Hakuna anayeomba turubai kwa ajili ya mbwa

Kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wetu huku Sakina, jirani mmoja aliandika asubuhi kwamba Simba amefariki usiku. Waliowahi kujibu ni watu wa Yanga, wakasema hiyo habari wanaijua siku nyingi. Alipofafanua kwamba Simba ni mbwa wake wa miaka 11, vicheko viliongezeka. Mmoja aliuliza kama kamati ya michango imeshapata mweka hazina, mwingine akataka kujua ibada inaongozwa na dhehebu gani, na mzee mmoja tunayemheshimu akafunga mjadala kwa kusema watoto wa siku hizi wameiga uzungu mpaka kwenye misiba. Matangazo ya namna hii yanazidi kuonekana mjini Arusha, picha ya mbwa au paka na mshumaa pembeni, na chini yake mabishano ni yale yale: je, mnyama anastahili msiba? Nadhani swali lenyewe limekosewa. Wanaocheka na wanaotetea wote wanamjadili mnyama, huku mtu aliyeandika tangazo akiachwa pembeni peke yake.

Aliyefiwa na mnyama haombi turubai, wala sufuria za pilau, wala daftari la rambirambi. Anachokosa ni sehemu moja ya msiba isiyogharimu hata senti, nayo ni kuulizwa ilikuwaje. Yeyote aliyewahi kukaa msibani Arusha au Moshi anajua mambo yanavyokwenda. Kila anayeingia anatoa pole, anakaa kwenye mkeka, ananyamaza kidogo, kisha anauliza kwa sauti ya chini marehemu alianza kuumwa lini. Mfiwa anasimulia. Baada ya nusu saa anaingia mwingine kutoka Machame au Mererani na simulizi inaanza upya, ile homa ya Jumanne, gari la kukodi kwenda hospitali ya KCMC, alichosema daktari, maneno ya mwisho. Kufikia siku ya tatu simulizi imenyooka, imepata mwanzo na mwisho, na msimuliaji mwenyewe ameanza kusadiki anachokisema. Tunadhani watu wanakwenda msibani kula na kupanga ratiba ya mazishi. Kazi kubwa zaidi inafanyika pale kwenye mkeka, na mwenye mbwa aliyekufa hana mkeka.

Mwaka 1989 msomi wa Marekani, Kenneth Doka, alihariri kitabu kuhusu huzuni ambayo jamii haiipi nafasi, pale mtu anapoumia lakini hana haki ya kuitwa mfiwa. Kifo cha mnyama wa nyumbani ni mojawapo ya mifano yake, pamoja na mimba iliyoharibika na kifo cha mpenzi wa siri. Huyo wa mwisho tunamfahamu vizuri hata bila msomi: ni hawara anayesikia kifo kwa watu na hawezi kusogea hata getini. Doka hakudai kwamba huzuni zote zina uzito sawa. Alichosema ni kwamba huzuni isiyo na wa kuipokea haiishi kirahisi, kwa sababu mwenye nayo anabeba vitu viwili, maumivu na aibu ya kuwa na maumivu hayo.

Kabla ya kupima hoja za wanaocheka, tutazame kilichobadilika. Mbwa wa zamani wa vijijini kwetu alilala nje, alikula masalia, akizeeka anapotelea shambani, na nafasi yake inachukuliwa na mtoto wa mbwa kutoka kwa jirani. Mjini, ukuta na geti vimemfungia mbwa katika uwanja mmoja na watu wale wale. Njiro, Kijenge, Moshono, hata Shanty Town ya Moshi, karibu kila mbwa aliletwa kwa sababu ya wezi. Lakini huwezi kuishi miaka kumi na kiumbe anayetambua mlio wa gari lako likiwa bado kwenye kona, halafu akabaki kuwa kengele tu. Kuna wastaafu ambao watoto wao wote wako Dar es Salaam na Mwanza, na mazungumzo yao ya kwanza kila siku ni na mbwa. Kuna mama anayepita buchani kila Ijumaa kuchukua mifupa, anachemsha na ugali wa dona kwenye sufuria iliyoungua upande mmoja. Mbwa akifa, Ijumaa inayofuata muuza bucha bado anamtengea ile mifupa.

Hoja dhaifu kuliko zote ni hiyo ya uzungu, na inashangaza kwamba ndiyo inayotolewa kwa kujiamini zaidi, tena na watu wa misikiti na makanisa. Nabii Nathani alipotaka kumwonyesha Mfalme Daudi dhambi yake, katika 2 Samweli sura ya 12, alimsimulia habari ya masikini mwenye mwanakondoo mmoja tu, aliyekula chakula chake, akanywea kikombe chake, akalala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Daudi, mchungaji wa zamani, aliwaka hasira aliposikia kwamba tajiri alimchinja mwanakondoo huyo. Mfano ule usingefanya kazi kama wasikilizaji wangeona kumpenda mnyama kiasi hicho ni kichekesho. Kwa Waislamu kuna hadithi ya Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Imo katika Bukhari na Muslim, na riwaya nyingine zinaeleza kuwa ndege alikuwa amekufa na mtoto amejaa huzuni. Mtume alimwuliza: “Ewe Abu Umair, Nughair amefanya nini?” Hakumwambia yule ni ndege tu. Alimwuliza habari za ndege wake. Na anayekimbilia hukumu ya najisi ya mbwa akumbuke kwamba kuosha mara saba chombo alicholamba, mojawapo kwa udongo, ni suala la tohara. Katika hadithi hizo hizo yumo mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Tena hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Nenda Kibosho au Marangu siku ng'ombe wa maziwa wa mama mjane amekufa. Majirani wanakuja, pole zinatolewa, wanakaa. Kwa kuwa ng'ombe anahesabika kwa pesa, kila mtu anaelewa, na neno linalosikika zaidi ni hasara. Lakini mama huyo amemkatia ng'ombe yule majani kila asubuhi, amemwita kwa jina, amemzalisha usiku wa mvua. Sehemu hiyo ya kifo haimo kwenye hasara, na majirani wanaifikia bila kukusudia, kwa sababu hasara imewapa kisingizio cha kukaa na kusikiliza. Mwenye mbwa hana kisingizio hicho. Kwa hiyo tunajua kuomboleza mnyama tangu zamani, ila tumezoea kumruhusu mwenye hasara ya fedha peke yake.

Hoja nzito ni nyingine, na wanaotetea wanyama huikimbia. Katika mtaa ule ule ambapo mtu anaandika “pumzika Simba”, yupo mzazi aliyemzika mtoto mwezi uliopita. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kuona neno “msiba” likitumika kwa mbwa kunaweza kumchoma kama tusi. Yupo pia aliyechangisha fedha za upasuaji wa baba yake zisitimie. Hoja hii ninaiheshimu, na ninakubali sehemu yake kubwa: mpangilio wa misiba yetu, pamoja na michango na kamati na magari, ubaki kwa binadamu. Sidai pia ruhusa kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inatoa angalau siku nne zenye malipo mtoto wa mfanyakazi akiugua au akifa, na kwa kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mjomba hayumo. Shangazi aliyekulea hayumo. Katika nchi ambako mjomba anasubiri foleni, sitampigania mbwa. Hata orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, inapotaja huzuni iliyopitiliza kuwa tatizo la kiafya, inazungumzia kifo cha mtu. Sioni haja ya kubadilisha hilo wala kumwita kila anayelia kwa ajili ya paka mgonjwa.

Lakini hoja hiyo nzito inazuia gharama, haizuii pole. Kumwuliza jirani mbwa wake alikufaje hakupunguzi chochote kwenye rambirambi ya mzazi aliyefiwa. Kwa ninavyowafahamu waliofiwa kweli kweli, si wao wanaoongoza kwa kejeli. Wengi wao hunyamaza, na wachache huandika “pole jirani” na kuendelea na shughuli zao.

Sasa tuje kwenye kiini ambacho mabishano hayakigusi kabisa. Kifo cha mnyama kina kitu ambacho kifo cha binadamu kwa kawaida hakina: mwenye mnyama mara nyingi ndiye aliyeamua. Tunapomzika mtu tunasema Bwana ametoa, Bwana ametwaa, na mzigo unapokelewa juu. Mbwa mzee asiyeweza kusimama anapelekwa kwa daktari wa mifugo, daktari anamtazama mwenyewe usoni na kuuliza, “Tumpumzishe?” Mtu lazima atamke neno ndiyo, ashike kichwa cha mbwa sindano inapoingia, kisha alipie. Anarudi nyumbani na risiti mfukoni. Au tuseme ni mtoto wa mbwa mwenye parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, anahara damu, na bwana mifugo anasema inahitajika dripu kwa siku kadhaa bila uhakika wa kupona, na ni Januari, ada za shule ziko mezani. Mtu anapiga hesabu na kuchagua ada. Amechagua sawasawa, na usiku ule hapati usingizi. Au ni sumu, iliyopakwa kwenye kipande cha nyama na kurushwa juu ya ukuta, mbwa anakutwa alfajiri ana povu mdomoni na miguu imekakamaa. Swali linalobaki kwa wiki nzima ni kwa nini usiku ule hakufungiwa ndani.

Ndiyo maana faraja tunazozitoa hazifiki. “Ni mbwa tu” inamwambia mtu kwamba hana sababu ya kulia, wakati yeye anatafuta mahali pa kuweka hatia. “Alikuwa mzee” ni kweli, lakini yeye anajiuliza kama aliamua mapema mno au alimchelewesha akateseka. Kuulizwa ilikuwaje kunamlazimisha aipange simulizi kwa mfuatano, siku ya kwanza alipoacha kula, dawa alizopewa, daktari alichopima, mpaka yeye mwenyewe asikie kwamba palikuwa na nafasi ndogo sana ya kufanya tofauti. Au asikie kwamba ilikuwepo, alipitiwa, na mtu aliye mbele yake hajanyanyuka akaondoka. Kwa yote mawili lazima awepo wa kusikiliza.

Ushauri wa “nunua mwingine” una kasoro zaidi ya kukosa adabu. Kama mbwa alikufa kwa parvo, kirusi chake kinaweza kukaa kwenye udongo na sakafu ya banda kwa miezi mingi, hata mwaka. Mtoto wa mbwa anayeletwa wiki inayofuata kumfuta machozi mwenye nyumba, kabla hajamaliza chanjo zake, anaingizwa kwenye uwanja uliomuua mwenzake, na baada ya siku chache familia inazika tena. Banda lioshwe kwa jiki, vyombo vichomwe, na mtoto wa mbwa apate mfululizo wa chanjo unaoanza akiwa na wiki sita hadi nane na kuendelea mpaka wiki ya 16. Anayetaka kumsaidia jirani yake kwa vitendo angemweleza hayo, badala ya kumtumia namba ya muuzaji wa mbwa.

Kuna mtu mwingine tunayemsahau, na yeye ndiye anayevunja kabisa dhana kwamba haya ni mambo ya matajiri. Kwenye nyumba nyingi za Njiro, anayempikia mbwa ni dada wa kazi, na anayekesha naye ni mlinzi. Mlinzi wa usiku na mbwa wamegawana blanketi, baridi ya Julai inayoshuka kutoka Mlima Meru, na hofu ya kila kishindo nje ya ukuta. Mbwa akifa kwa sumu, bosi anapewa pole na mlinzi anapewa maswali: ulikuwa wapi, ulilala, nani alipita, geti lilikuwa wazi? Maswali mengine ni ya lazima, sikatai, lakini yakiwa ndiyo neno la kwanza asubuhi ile, aliyepoteza mwenzake wa kazi anageuka mtuhumiwa kabla hajapewa hata kikombe cha chai. Halafu anakabidhiwa jembe, au elfu tano na maelekezo ya kwenda “kumtupa”.

Hapo kwenye kutupa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mtu binafsi. Mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, huko Machame hana shida, shimo linachimbwa kando ya migomba na mambo yanaisha. Mpangaji wa Sombetini au Ngarenaro hana hata futi mbili za kuchimba, na mwenye nyumba hataki kusikia. Mbwa anatiwa kwenye mfuko wa salfeti, anasubiri gari la taka liende dampo la Murieti, au anaishia korongoni karibu na Mto Themi gizani. Kejeli za mtaani zinachangia haraka hiyo: anayejua atachekwa anamaliza jambo usiku, kimya kimya. Na kimya hicho ni hatari tunapokumbuka kichaa cha mbwa. Asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa aliyekufa baada ya kubadilika tabia, kung'ata bila sababu, kutokwa mate na kushindwa kumeza, anapaswa kuripotiwa kwa afisa mifugo kabla ya kufukiwa, kwa sababu uthibitisho hutokana na kupima ubongo wake. Na kila aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya kwa chanjo. Jirani aliyeuliza “ilikuwaje?” kwa nia ya kufariji ndiye huenda akasikia kwamba siku tatu kabla ya kufa mbwa alimparura mtoto wa nyumba ya pili. Jirani aliyecheka hatasikia kitu.

Watoto nao, kwa ufupi. Tuache kuwaambia mbwa amepelekwa shamba. Mtoto wa miaka sita atasubiri arudi, atauliza kila Jumamosi kwa nini hatuendi shamba, na siku atakapojua ukweli kutoka kwa binamu yake atajumlisha kwamba wakubwa husema uongo kuhusu kifo. Aambiwe amekufa, kwa neno hilo hilo, na aruhusiwe kuona alipozikwa kama pana kaburi.

Mzigo mkubwa zaidi nauweka kwa wataalamu. Madaktari wa mifugo wetu wanatoka Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) kule Morogoro, na wasaidizi wengi wamepita chuo cha mifugo cha LITA Tengeru, hapa hapa jirani. Wanajua kupima kipimo cha dawa na kutofautisha ugonjwa wa kupe na sumu ya panya. Lakini sentensi niliyoisikia mara nyingi kuliko zote kwenye maduka ya dawa za mifugo, ikitamkwa mnyama akiwa bado mezani, ni “ungemleta mapema”. Huenda ni kweli kitaalamu, na ikasaidia sana siku mtu huyo atakaporudi na mbwa mwingine kuchanja. Ikitamkwa dakika ile inamrudisha nyumbani na hukumu isiyo na rufaa, na safari nyingine, mnyama akiugua, ataona aibu kumleta kabisa. Daktari ana dakika tano za kumweleza mwenye mnyama nini hasa kiliua, dalili zilianza kuonekana lini, na kama wiki moja kabla ingebadilisha chochote. Mara nyingi kwa mbwa mzee jibu ni hapana, na hakuna mtu mwingine mtaani mwenye mamlaka ya kulitamka.